Windows inauliza ilifungue faili la .scs kwa programu gani

Swali: Shikamoo kaka. Nina laptop ya Windows 10 na gemu la Euro Truck Simulator 2. Nilipakua modi (nyongeza ya gemu) ya basi, likaja faili la .7z na Windows ikaniuliza ilifungue kwa programu gani. Nikahangaika mpaka nikapata faili la ndani, nalo linaishia .scs, nikaulizwa vilevile. Kila programu ninayoichagua inagoma au inaonyesha maandishi ya ajabu. Nimepakua pia zana ya kufungulia mafaili ya .scs, nikiibofya dirisha jeusi linatokea na kupotea hapohapo. Mdogo wangu naye ana Forge, ile programu ya kuwezesha modi za Minecraft, kila akiibofya inafunguka WinRAR. Shida iko kwenye Windows yangu au kwenye mafaili?

Jibu: Marahaba. Windows yako ni nzima, na kwa maelezo yako mafaili nayo huenda ni mazima. Kinachokusumbua ni kwamba unajaribu kufungua kitu ambacho hakikutengenezwa ukifungue wewe. Faili la .scs husomwa na gemu lenyewe. Kazi yako ni kulipeleka mahali gemu linapolitafuta, basi. Huhitaji kulibofya hata mara moja.

Nianze na hilo la Windows kuuliza, maana ndilo linalowapotosha wengi. Windows haichunguzi ndani ya faili ili ijue ni kitu gani. Inasoma herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho kwenye jina, inaangalia katika rejista yake, yaani daftari lake la mipangilio, kama kuna programu iliyojiandikisha kwa herufi hizo, ikiipata inaiita, isipoipata inakuuliza wewe. Kwa hiyo ukiona dirisha la "How do you want to open this file?" maana yake ni kwamba hakuna programu iliyojiandikisha kwa aina hiyo. Halisemi faili limeharibika. Kuna watu wana modi mia za Euro Truck Simulator 2 zinazofanya kazi vizuri, na Windows yao haijawahi kulitambua faili la .scs hata siku moja.

Kutokana na hilo, usifuate kile kiungo cha kukupeleka Microsoft Store kutafuta programu, na kaa mbali na tovuti zinazotangaza kifungua-mafaili cha aina zote. Nyingi ya hizo zinatafuta mtu aliyekwama kama wewe ili zimwekee matangazo au kitu kibaya zaidi. Na kama tayari ulichagua Notepad ukatia tiki kwenye "Always use this app", usihangaike kurudisha. Gemu halijali Windows imelifunga faili hilo na programu ipi. Tahadhari yangu ni moja: usije ukafanya hivyo kwa faili la .exe au la .lnk, kwa sababu hapo utaanza kuona kila programu ya kompyuta inafunguka Notepad.

Kabla hujaendelea, fanya jambo moja ambalo kila anayegusa modi angepaswa kulifanya siku ya kwanza. Fungua folda yoyote, nenda kwenye "View", kisha tia tiki "File name extensions". Kwenye Windows 11 iko ndani ya "View", halafu "Show". Windows kwa kawaida huzificha herufi za mwisho za aina inazozijua, na humo ndimo mitego inamojificha. Faili linaloonekana "basi.scs" laweza kuwa "basi.scs.txt", na gemu halitaliona kamwe. Laweza pia kuwa "basi.scs.exe", na hilo si basi tena. Hapa kuna herufi moja ya kuangalia kwa jicho kali: .scs ni faili la modi, lakini .scr ni kitunza skrini cha Windows, ambacho kwa kweli ni programu kamili inayojiendesha ukiibofya. Kwa haraka zinasomeka sawa. Ukipakua modi ya basi ikaja na .scr ndani, futa yote bila kuuliza mtu.

Sasa tuje kwenye faili lako la kwanza, la .7z. Hilo ni furushi lililobanwa, sawa na la zipu ila kwa mtindo mwingine. Windows 10 haina kifaa chake cha kulifungua. Windows 11 ilianza kupewa uwezo huo mwaka 2023. Pakua 7-Zip, ni ya bure na ni ndogo, haitakumalizia bando, halafu bofya kulia kwenye faili na uchague "Extract to" yenye jina la folda. WinRAR nayo inafungua .7z bila shida, ila kama unayo, angalia toleo lake. Matoleo yaliyo chini ya 6.23 yana tundu la kiusalama lililogunduliwa mwaka 2023, ambapo mtu anafungua picha iliyo ndani ya furushi, kumbe anaendesha programu ya mwizi. WinRAR haijisasishi yenyewe, hivyo ile uliyowekewa na fundi aliyekuuzia laptop huenda bado ni ya zamani.

Kuna mafurushi yanayokatwa vipande ili yapakuliwe kidogo kidogo: .7z.001, .7z.002, au .part1.rar, .part2.rar. Vipande vyote lazima viwe katika folda moja, majina yasibadilishwe, na unafungua cha kwanza tu. Kikikosekana kimoja, hakuna modi. Na ukikuta faili linaishia .crdownload au .part pekee bila namba, hilo halijamalizika kupakuliwa. Kulibadilisha jina hakutalikamilisha.

Ukishalifungua la .7z, tazama kilichomo kabla ya kunakili chochote. Mara nyingi utakuta faili moja au matatu ya .scs, picha mbili, na faili la maandishi la maelekezo. Soma hayo maelekezo hata kama ni ya Kiindonesia au Kireno, kwa sababu waundaji wengi wa modi za mabasi wako huko, na mle ndimo wanamosema modi inataka toleo gani la gemu na faili lipi liwekwe juu ya lipi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuchukua furushi la nje zima akalitupia kwenye folda ya modi. Gemu hili linasoma .scs na .zip, lakini halisomi .7z wala .rar. Na hata hiyo .zip linaisoma pale tu ambapo vitu vya modi viko juu kabisa ndani yake. Ikiwa ndani ya .zip kuna .scs nyingine, gemu halitachimba kuifuata.

Folda yenyewe ni hii:

Documents\Euro Truck Simulator 2\mod

Kama folda ya mod haipo, itengeneze mwenyewe kwa herufi ndogo. Usiweke modi kule gemu lilikosakinishwa, yaani ndani ya Steam, hata kama kuna mafaili ya .scs yanayofanana nayo. Yale ni ya gemu lenyewe, kama base.scs, na ukiyagusa utajikuta unapakua gemu upya. Halafu kuna OneDrive. Kwenye laptop nyingi Windows imeihamisha Documents kwenda ndani ya OneDrive bila mwenyewe kujua, kwa hiyo unaweza kuwa na folda mbili zenye jina hilo. Ya kweli ni ile ambayo ndani yake kuna faili la game.log.txt lenye tarehe ya leo baada ya kuwasha gemu. Weka modi yako humo.

Baada ya hapo washa gemu, na kwenye ukurasa wa kuchagua wasifu (profile) ingia "Mod Manager". Modi itakuwa upande wa kushoto kati ya zilizopo. Ihamishie kulia kati ya zinazotumika, kisha thibitisha. Iliyo juu kwenye orodha inashinda iliyo chini yake pale zinapogusa kitu kimoja. Ikiwa ina alama ya onyo kuhusu toleo, gemu linakuambia kwamba muundaji hakuiandika kwa toleo ulilonalo. Wakati mwingine inakwenda tu, wakati mwingine gemu linazimika ukiwa njiani. Iwashe peke yake kwanza, na kwa wasifu mpya, usiujaribie ule wenye kampuni yako ya malori uliyoijenga mwaka mzima.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na modi haionekani kabisa kwenye Mod Manager. Hapo ndipo inafaa kulishuku faili lenyewe, na kuna njia ya kulikagua bila programu ya ajabu yoyote. Gunia likiandikwa mchele haligeuki mchele, na jina la faili nalo ni maandishi ya nje tu. Aina halisi iko kwenye baiti chache za mwanzo. Ndani ya folda yenye faili, shika Shift, bofya kulia mahali patupu, chagua "Open PowerShell window here", dirisha la kuandikia amri litafunguka, kisha andika:

Get-Content "basi.scs" -Encoding Byte -TotalCount 4

Zitatoka namba nne. Ukipata 80 75 3 4, hilo kwa ndani ni zipu, na ni jambo la kawaida kabisa kwa modi. Ukipata 83 67 83 35, ni herufi SCS#, yaani mfumo wa mafurushi wa SCS Software wenyewe, watengenezaji wa gemu hili, nalo ni sawa. Ukipata 55 122 188 175 ni 7z, na 82 97 114 33 ni rar. Kwa hizo mbili za mwisho, mtu amebadilisha jina tu akidhani inatosha. Lifungue kwa 7-Zip, utoe kilichomo. Ukipata 77 90 mwanzoni, hiyo ni programu ya Windows iliyovishwa jina la modi. Usiiguse tena. Na ukipata 60 33, umepakua ukurasa wa tovuti badala ya faili. Hutokea pale unapobofya kitufe cha tangazo kilichoandikwa "Download" ukaacha kile halisi pembeni. Dalili yake nyingine ni ukubwa: modi ya basi kwa kawaida ni makumi au mamia ya MB, kwa hiyo yako ikiwa na KB 60 tu, ishuku.

Utajaribiwa kulikagua kwa 7-Zip badala ya hizo namba. Inafaa, ila isikudanganye. Mafaili ya SCS# yatakupa ujumbe kwamba hayafunguki kama furushi, na baadhi ya waundaji huziharibu kwa makusudi zipu zao ili wenzao wasiibe kazi, na bado gemu linazisoma. 7-Zip ikikataa, usihitimishe kwamba modi ni mbovu.

Nije kwenye lile dirisha jeusi. Zana yako haijaharibika. Ni programu ya mstari wa amri: inasubiri kuambiwa ifungue faili lipi na iweke wapi. Wewe umeibofya bila kuiambia kitu, ikatoa maelezo yake ya matumizi, ikamaliza, ikafunga dirisha. Yote kwa kufumba na kufumbua. Iweke zana na nakala ya faili la .scs katika folda moja fupi, tuseme C:\kazi. Fungua folda hiyo, bofya kwenye ule mstari wa juu unaoonyesha anwani yake, futa, andika cmd, bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka na halitaondoka. Andika jina la zana peke yake ubonyeze Enter, usome inachosema. Kwa kawaida inataka jina la furushi kisha folda ya kutolea, hivi:

scs_extractor basi.scs C:\kazi\basi

Ikisema haiwezi kulisoma furushi, kumbuka mambo mawili. Kwanza, zana hiyo ya SCS ni ya mafurushi ya SCS#. Kama namba zako zilikuwa 80 75, tumia 7-Zip tu. Pili, tangu toleo 1.50 la gemu, mwaka 2024, SCS Software ilibadilisha muundo wa ndani wa mafurushi yake, na zana za zamani zinazozunguka mitandaoni haziyasomi mapya. Chukua zana ya karibuni kutoka kwa SCS wenyewe. Na ukiiendesha kwa mara ya kwanza ukaletewa ubao wa buluu wa "Windows protected your PC", hiyo ni SmartScreen, mlinzi wa Windows, ikisema haimjui mtengenezaji, haisemi imekuta virusi. Ukiwa na uhakika na ulikoitoa, bofya "More info" kisha "Run anyway". Huna uhakika, usiendelee.

Ila nikuulize: unahitaji kweli kulifungua? Kama nia yako ni kuendesha basi, hapana. Zana hiyo ni ya mtu anayetaka kubadilisha rangi, jina la kampuni ubavuni, au honi. Kama ndiko unakoelekea, jiandae kukutana na msururu mwingine wa mafaili ambayo Windows haiyatambui, na kila moja lina mwenyewe. Mafaili ya .sii na .sui ni maandishi matupu, yafungue kwa Notepad++. Ya .dds ni picha za rangi na maandishi ya gari. Kifungua picha cha Windows hakiyataki, lakini Paint.NET na GIMP zinayafungua, na Paint.NET ndiyo nyepesi kwa laptop dhaifu. Ya .pmg na .pmd ni umbo la gari likiwa limeshageuzwa kuwa lugha ya gemu, na hayo usiyafungue kwa chochote. Anayetaka kuunda umbo hufanya kazi Blender kwa kiongezo cha SCS Blender Tools. Kiongezo hicho huja kama zipu, na watu huifungua zipu kwa mazoea, kisha wanashangaa Blender haikioni. Zipu hiyo iache ilivyo. Unaingia "Edit", "Preferences", "Add-ons", unaielekeza Blender kwenye zipu nzima, yenyewe inajua la kufanya.

Jambo jingine linalofanana: ukifungua faili la mchezo uliohifadhiwa, game.sii, utakuta vurugu tupu, ingawa linaishia .sii kama yale ya maandishi. Kwa kawaida gemu linalifunga kwa fumbo. Kwenye faili la config.cfg, ndani ya ileile folda ya Documents, tafuta mstari wa g_save_format na uufanye uwe hivi:

uset g_save_format "2"

Hifadhi, washa gemu, hifadhi mchezo upya. Faili jipya litasomeka. Herufi zilezile mwishoni, ndani vitu viwili tofauti: Windows isingeweza kukuambia.

Mdogo wako ana ugonjwa wa upande wa pili. Kwako Windows haikumjua mwenye faili, kwake inamjua, ila siye. Kisakinishi cha Forge ni faili la .jar, yaani programu ya Java, na .jar kwa umbo lake ni zipu. WinRAR ilipowekwa ilijiandikisha kwa .jar pia, kwa hiyo kila akibofya anaonyeshwa yaliyomo badala ya programu kuendeshwa. Asiifungue, asitoe kilichomo, asibadilishe jina. Kwanza aweke Java inayolingana na toleo lake la Minecraft: kuanzia 1.18 inatakiwa Java 17, na kuanzia 1.20.5 hadi matoleo ya 1.21 ni Java 21. Minecraft inakuja na Java yake ya ndani, ndiyo maana gemu linacheza ilhali kisakinishi hakiendi, kwa kuwa chenyewe kinategemea Java ya Windows. Temurin ya Adoptium ni Java ya bure na haina matangazo. Akishaiweka, afungue cmd katika folda yenye faili, kama nilivyokueleza, aandike:

java -jar forge-installer.jar

akiweka jina kamili la faili alilonalo. Dirisha la Forge likitokea, achague "Install client". Likitokea neno kwamba java haitambuliki kama amri, Java haijaingia au cmd ilifunguliwa kabla haijawekwa. Afunge, afungue tena. Sina sababu ya kumshauri ahangaike na kurekebisha nani mwenye .jar, kwa sababu amri hiyo inaipita WinRAR kabisa. Halafu zile modi zenyewe za Minecraft, ambazo nazo ni .jar, haziendeshwi kwa amri hii wala hazibofywi. Zinawekwa kwenye folda ya mods ndani ya .minecraft, kama basi lako.

Ukikwama baada ya haya, nitumie vitu vitatu: jina kamili la faili pamoja na herufi za mwisho, zile namba nne za PowerShell, na mistari yenye neno <ERROR> kutoka game.log.txt. Log hiyo huandikwa upya kila gemu linapowashwa, kwa hiyo inakili kabla hujawasha tena. Picha ya dirisha la "How do you want to open this file?" usinitumie, haina cha kunieleza.